Kutafuta shoti ya taa ndogo: tathmini ya huduma ya fundi umeme wa magari, Morogoro

Kwa wiki saba gari langu, Toyota Probox, lilikuwa likikata fyuzi ya taa ndogo, na katika muda huo niliwalipa mafundi watatu kabla ya kumfikia wa nne, ambaye ndiye ninayemwandikia tathmini hii. Sitamtaja yeyote kwa jina: watatu wa kwanza kwa ajili ya kuwasitiri, na wa nne kwa sababu yeye mwenyewe hana hata bango. Ana kibanda cha mabati maeneo ya Msamvu, meza moja, betri kuukuu ya majaribio, na globu ya breki iliyofungwa kwenye vipande viwili vya waya, ambayo mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni takataka iliyosahauliwa mezani.

Ni lazima nieleze kwanza gari linafanya kazi gani, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyozaa tatizo. Nasambaza mayai. Mara mbili kwa wiki natoka Kihonda saa kumi alfajiri nikiwa na trei 120, nashusha Sangasanga, Melela na Doma kungali giza, kisha navuka Hifadhi ya Mikumi hadi Mikumi mjini. Kipande cha barabara kilichomo ndani ya hifadhi kina urefu wa kilomita 50 hivi, na ndiyo barabara hiyohiyo ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Dereva wa lori lililosheheni akiwa nyuma yako gizani, kitu pekee kinachomwambia kwamba upo ni zile taa mbili nyekundu. Fyuzi ikikata, taa hizo zinazimika, lakini taa kubwa za mbele zinaendelea kuwaka na taa za breki pia, kwa kuwa zina fyuzi zake nyingine, hivyo dereva anaweza kwenda mwendo mrefu asijue lolote. Dalili pekee aliyo nayo ni kwamba dashibodi imekuwa giza. Katika gari langu fyuzi moja iliyoandikwa TAIL, nyekundu, ya ampea 10, ndiyo inayolisha taa ndogo za mbele, taa za nyuma, taa za namba na mwanga wa dashibodi. Mimi nilijulishwa na dereva wa lori aliyenimulikia taa mara tatu karibu na Doma, kisha akanipita akipiga honi kwa hasira ambayo kwa kweli nilistahili.

Fundi wa kwanza alibadilisha fyuzi, akawasha taa, zikawaka, akapokea shilingi 10,000. Iliishi siku mbili. Wa pili alikuwa na mita ya kisasa, akapima mstari wa taa za nyuma, mita ikalia, akasema soketi za taa zote mbili zina shoti. Tukanunua soketi na globu mpya, jumla na ufundi shilingi 48,000, na safari iliyofuata fyuzi ikakata kabla sijafika Melela. Wa tatu ndiye aliyenitia hasara iliyo kubwa zaidi, ingawa alitoza kidogo kuliko wa pili. Alisema fyuzi ya 10 ni "ndogo kwa gari la kazi", akachomeka ya kijani, ya ampea 30, akanidai shilingi 15,000 na kunihakikishia kwamba haitakata tena. Ni kweli haikukata kwa wiki nzima. Kilichotokea ni kwamba nikiwa narudi Morogoro jioni moja nilisikia harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari, nikazima taa, nikasimama pembeni, nikaing'oa ile fyuzi kwa kucha.

Nilipofika Msamvu siku iliyofuata sikuwa na hamu ya kusikia fundi mwingine akisema "hii ndogo tu, mama". Huyu hakusema hivyo. Hakufungua boneti wala hakugusa gari kwa dakika kumi za mwanzo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniuliza maswali. Fyuzi inakata pale pale unapowasha taa, au baada ya kutembea? Inakata kwenye matuta? Ukikanyaga breki? Ukiweka indiketa? Kuna redio, king'ora au taa za urembo zilizofungwa karibuni? Nikajibu kwamba inakata safarini na kwamba nadhani ni mtikisiko, kwa sababu mara nyingi nagundua nikishapita kijiji. Akauliza: "Kijijini unafanya nini?" Nikamwambia nashusha mayai. "Unashusha kwa mlango gani?" Wa nyuma, nikasema, na hapo hapo nikaelewa kwamba kwa wiki saba nilikuwa na jibu mkononi bila kulijua, kwani kila mara dashibodi ilipokuwa giza nilikuwa nimetoka kufungua na kufunga mlango wa nyuma huku taa zimewashwa.

Mtu mwingine angekimbilia mlango wa nyuma moja kwa moja. Yeye alipoisikia habari ya fyuzi ya 30 alitikisa kichwa, akasema kwamba sasa tuna uwezekano wa matatizo mawili, lile la awali na lile lililotengenezwa na fundi, na kwamba tukilipata la kwanza tu tukaenda nyumbani, la pili litatufuata. Akanifafanulia kwa maneno machache jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: fyuzi haikuwekwa kulinda globu, imewekwa kulinda waya. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, umepangiwa mkondo mdogo, na fyuzi inapaswa kukata kabla waya haujapata moto. Ukiweka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya huo, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, tena umefungwa pamoja na wenzake chini ya kapeti.

Kisha akapiga hesabu kwa kalamu juu ya boksi la globu. Globu sita za wati 5, yaani mbili za mbele, mbili za nyuma na mbili za namba, zinafanya wati 30. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea mbili na nusu. Ongeza vile vijiglobu vya dashibodi, hufiki ampea 4. Fyuzi ya 10 kwa hiyo ina nafasi zaidi ya maradufu, na ikikata si kwa sababu taa zimezidi, bali kwa sababu waya wa moto, yaani unaobeba umeme, unagusa mahali panapourudisha umeme kwenye ethi (njia ya kuurudisha kwenye betri) bila kupitia globu yoyote. Napenda fundi anayepiga hesabu mbele ya mteja. Si kwamba niliihitaji hesabu yenyewe, ila iliniondolea mashaka ya kama tunatafuta kitu kilichopo.

Sasa niielezee ile globu, kwa kuwa ndiyo kiini cha huduma hii. Kutafuta shoti kwa kuchomeka fyuzi mpya kila mara ni kuunguza fyuzi, na kila inapoungua unabaki hujui chochote isipokuwa kwamba imeungua. Yeye aliing'oa fyuzi, akachomeka mahali pake miguu ya fyuzi iliyokufa aliyoiunganisha na globu ya wati 21. Umeme wa taa ndogo sasa ulilazimika kupitia globu hiyo. Pakiwa na shoti, globu inawaka kwa nguvu zake zote, lakini haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 2, hivyo hakuna waya unaoungua na unaweza kuiacha hivyo saa nzima ukitafuta kwa utulivu. Shoti ikiondoka, inazimika. Ni testa inayokutazama muda wote wakati wewe unatazama kwingine.

Kabla ya kuitumia alizitoa globu zote sita kwenye soketi zake, na hapa ndipo nilipoelewa fundi wa pili alikosea wapi. Globu ya wati 5 ikiwa inawaka ina ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, wa omu 29 hivi, lakini ikiwa baridi ukinzani huo unashuka hadi karibu sehemu ya kumi. Globu sita zikiwa pamoja kwenye mstari mmoja, mita inaona ukinzani chini ya omu moja na kulia kana kwamba kuna shoti, hata kama gari ni jipya. Soketi nilizonunua hazikuwa na haja ya kununuliwa. Zile za zamani ninazo bado nyumbani, na ni nzima.

Globu zilipokwisha kutolewa, akaniomba niwashe taa ndogo. Ile globu ya mezani, ambayo sasa ilikuwa imening'inia chini ya usukani, haikuwaka. Msaidizi wake, kijana wa miaka kama 20, akaanza kutikisa waya kutoka mbele: nyuma ya taa ya kulia, nyuma ya taa ya kushoto, kwenye kona inapokaa betri. Hakuna kitu. Wakahamia nyuma, wakatikisa waya za soketi zile zile zilizokwisha kubadilishwa. Hakuna kitu. Fundi alikuwa haangalii kinachotikiswa. Macho yake yalikuwa kwenye globu. Ndipo akamwambia kijana afungue mlango wa nyuma polepole, na mlango ulipofika usawa wa kifua, globu ikawaka ghafla kama taa ya breki. Ukapandishwa zaidi, ikazimika. Ukateremshwa, ikawaka. Walirudia labda mara sita, na nakiri kwamba mara mbili za mwisho nilikuwa mimi ndiye niliyeomba kuushika mlango.

Katika kona ya juu ya mlango huo kuna mpira mweusi uliokunjamana, mnene kama kidole gumba, ambao ndani yake zinapita waya zote zinazotoka kwenye bodi kuelekea mlangoni: za taa za namba, za waipa ya nyuma, za kufuli na za kuondoa ukungu kwenye kioo. Aliuchomoa mpira kwa bisibisi bapa na kuuvuta chini. Waya sita zilikuwa zimekatika ngozi mahali pamoja, pale zinapojikunja, kama nyasi iliyokunjwa mara nyingi. Waya wa kijani wa taa za namba ulikuwa umebaki uchi kwa urefu wa punje ya mchele, na jirani yake alikuwa waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao kwenye Toyota ndio waya wa ethi, nao uchi. Mlango ukifunguka zinasogeleana, zinagusana, fyuzi inakata. Waya nyingine nne zilikuwa zinasubiri zamu yake. Sielewi ni kwa nini nilitegemea mwisho mwingine: gari ambalo mlango wake wa nyuma unafunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, kwa miaka, haliwezi kuumia kwingine kabla ya hapo.

Ukarabati aliufanya kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Hakuunganisha waya palepale zilipokatikia. Alikata kipande chote kinachojikunja, akaweka waya mpya zenye urefu wa kutosha ili maungio yawe nje ya mpira, upande wa bodi na upande wa mlango, mahali pasipopinda, na maungio hayo akayapishanisha ili yasirundikane sehemu moja. Kila ungio alilichomea kwa risasi na kulivika mpira mwembamba unaosinyaa ukipashwa moto. Alisisitiza waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, akanionyesha kwa kejeli kipande cha waya wa nyumbani, wa uzi mmoja mnene, alichokitoa kwenye gari jingine asubuhi ile. Waya huo ukijikunja mlangoni, alisema, unakatika kabla ya mwezi kuandama mara mbili.

Nilidhani tumemaliza. Alirudisha globu zote, akachomeka fyuzi nyekundu ya 10, taa zikawaka, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara ishirini bila tatizo. Kisha akazima taa zote na kumwambia kijana akanyage breki. Dashibodi ikawaka. Mimi nisingeliona jambo hilo hata kwa mwaka. Yeye alilitafuta kwa makusudi, kwa sababu ya ile harufu niliyomsimulia: waya wa taa ndogo ulipopata moto uliyeyusha ngozi yake na ya jirani yake, waya wa breki, zikashikana, na sasa umeme wa breki ulikuwa unavuja kwenda taa ndogo. Aliinua plastiki ya kizingiti cha mlango wa kushoto, akakunja kapeti, akakata tepu iliyofunga waya. Kwa urefu wa sentimita 40 hivi waya mbili zilikuwa zimegandamana kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Zote mbili zilibadilishwa katika kipande hicho. Kama ningeenda nyumbani na ukarabati wa mlangoni tu, umeme wa breki ungeendelea kuvujia taa ndogo, na mimi ningerudi kwake nikisema hajui kazi.

Bei ilikuwa hivi: ufundi shilingi 35,000, waya na mipira shilingi 8,000, na fyuzi tano za akiba shilingi 2,500, jumla shilingi 45,500. Watatu waliotangulia walikuwa wamechukua shilingi 73,000 kwa pamoja. Sioni kama bei yake ni ya chini kwa kazi ya namna hii, wala sioni kama ni ya juu. Anatoza ufundi kwa kazi nzima badala ya saa, na alinitajia bei baada ya kuiona shoti, si kabla. Kwa simu hatamki bei kabisa, jambo ambalo linaudhi watu, ila nimeshaelewa sababu yake.

Yapo mambo yaliyonikera, na sitayaficha kwa sababu ya furaha ya kupona. Aliniambia kazi itachukua muda wa saa mbili, ikachukua saa tano, na mahali pa kusubiri ni benchi lisilo na kivuli baada ya saa nane mchana. Hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Risiti yangu ni ile hesabu iliyoandikwa kwenye boksi la globu, ambayo haiwezi kuingia kwenye vitabu vya biashara yangu. Kipini kimoja cha plastiki ya kizingiti hakikurudi mahali pake, na mpaka leo kinagonga nikipita kwenye barabara ya vumbi. Kubwa zaidi ni rangi za waya. Alikuwa na waya nyekundu na nyeusi tu, kwa hiyo kati ya mlango na bodi sasa kuna waya nyekundu tano zinazofanana kabisa, ilhali kiwandani kila moja ilikuwa na rangi yake. Nilipomuuliza fundi atakayekuja baadaye atajuaje ipi ni ipi, alijibu: "Si utaniletea mimi?" Jibu hilo halikuniridhisha. Nilinunua tepu nyeupe dukani, nikarudi, nikamsimamia mpaka akaandika kila waya jina lake, na nadhani yeyote atakayekwenda kwake aende na tepu hiyo tangu mwanzo.

Ni miezi minne sasa, safari zaidi ya thelathini za Mikumi, na fyuzi iliyomo ni ileile aliyoichomeka siku ile. Zile tano za akiba ziko kwenye kijisanduku karibu na gia, hazijaguswa. Anayetaka kumwona aende kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo foleni ya bajaji inaanza, na Ijumaa anafunga saa sita mchana. Aende pia na kumbukumbu ya fyuzi ilikata lini, akiwa wapi, na alikuwa ametoka kufanya nini, maana ataulizwa hayo yote kabla ya bisibisi kushikwa.